Kuagiza seti za midoli zisizouzwa kwenu: dhana potofu na ukweli wake

Mwaka 2019 LEGO, kampuni ya matofali ya plastiki ya kuchezea, ilitoa seti tatu za sherehe za Kichina: mlo wa mkesha wa mwaka mpya (80101), ngoma ya joka (80102) na mashindano ya mashua za joka (80103). Ziliuzwa Asia na Pasifiki peke yake. Sisi wakusanyaji wa kwingineko tukabaki kuzitazama kwenye picha, na wengi wetu hapo ndipo tulipoanza kuwatafuta mawakala wa kupokea na kusafirisha vifurushi. Wakala anakupa anwani ya ghala lake katika nchi lilipo duka, unanunua kana kwamba unaishi pale, mzigo unafika kwake, naye anautuma kwako.

Kuieleza kazi hiyo ni rahisi. Yanayosemwa kuihusu ndiyo yanayowatia watu hasara, na karibu yote yanatokana na kosa moja: kudhani kwamba wakala anatunza seti yako. Wakala anatunza boksi. Anajua uzito wake, vipimo vyake na rafu liliyowekwa. Kilichomo ndani ni shauri lako, la muuzaji na la forodha.

"Seti ni nyepesi, nauli haitazidi"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Kampuni za usafirishaji kama DHL, FedEx na UPS hupima mzigo mara mbili: uzito wa mizani na uzito wa ujazo. Kisha hutoza ule uliozidi. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, halafu kugawanya kwa 5000.

Chukua seti yenye boksi la sentimita 48 kwa 38 kwa 9, na mizani inasema kilo 2. Wakala akiiweka ndani ya katoni yenye karatasi za kukinga pande zote, katoni inakuwa 54 kwa 44 kwa 15. Zidisha, unapata 35,640. Gawanya kwa 5000: kilo 7.1. Utalipia kilo saba na ushee kwa mzigo wa kilo mbili, na hakuna aliyekuibia.

Kabla ya kununua, tafuta vipimo vya boksi, ongeza sentimita tano au sita kwenye kila kipimo, upige hesabu hiyo mwenyewe. Halafu uliza kuna njia gani nyingine. EMS, huduma ya vifurushi vya haraka ya posta ya Japani, kwa mfano, hutoza kwa uzito wa mizani, kwa hiyo boksi kubwa jepesi mara nyingi husafiri kwa nafuu zaidi kwa njia hiyo.

"Mwambie wakala afungashe upya, utaokoa"

Utaokoa nauli, ndiyo. Lakini kwa mkusanyaji boksi ni nusu ya seti, na ghalani boksi ni kifungashio tu.

Niliwahi kununua seti mbili kwa wakati mmoja, nikamwagiza wakala aziunganishe. Zilifika ndani ya katoni moja, zimesimamishwa wima, moja ikiiegemea nyingine, bila hata tabaka moja la plastiki ya mapovu katikati. Kona ya boksi moja ilikuwa imebonyea kwa upana wa vidole viwili, karatasi yenye picha imechanika hadi kijivu cha kadibodi kinaonekana, na kibandiko angavu cha duara kinachofunga mdomo wa boksi kimeachia upande mmoja. Matofali yote yalikuwa salama. Nilipolalamika nikajibiwa kwamba bidhaa haijaharibika, na kwamba kazi ya kifungashio ni kukinga bidhaa. Niliumia sana, lakini nilipoyarudia masharti niliyoyakubali, ndivyo yalivyoandikwa. Bima nyingi za usafirishaji nazo zina kifungu hichohicho: hazilipi boksi lililobonyea ikiwa kilichomo ni kizima.

Tangu siku hiyo, kwenye maelekezo ya kila oda naandika: usiitoe seti kwenye katoni iliyotoka nayo dukani, ongeza kinga kuizunguka. Katoni huwa kubwa zaidi na nauli hupanda. Kwa seti ninayotaka kuiweka bila kuifungua, nalipa.

"Andika zawadi, ushuru hautakuwepo"

Zawadi hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Kifurushi kinachotoka kwenye ghala la biashara kikiwa na ankara ya duka hakiwi zawadi kwa kuandikwa hivyo, na kutoa tamko la uongo forodhani ni kosa la kisheria. Kupunguza thamani kuna hasara nyingine ambayo watu huigundua wakati umeshapita: mzigo ukipotea, bima hulipa kwa thamani uliyoitaja. Ukiandika robo ya bei, utarudishiwa robo.

Imani hii iliota mizizi enzi ambazo vifurushi vya thamani ndogo vilipita bure sehemu nyingi. Enzi hizo zinakwisha. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa bidhaa zisizozidi euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Marekani ilikuwa ikiachia mizigo ya hadi dola 800 bila ushuru, ikasimamisha msamaha huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Tena nchi nyingi hukokotoa ushuru juu ya jumla ya bei, bima na nauli, kwa hiyo zile kilo saba za ujazo zinakurudia mara ya pili kwenye hesabu ya forodha.

"Mimi si mkazi wa kule, kodi ya kule hainihusu"

Duka linaona limeuza ndani ya nchi, kwa sababu linapeleka kwenye anwani ya ndani. Japani bei ya dukani ina kodi ya matumizi ya asilimia 10, nawe utailipa kama mnunuzi mwingine yeyote. Marekani kodi ya mauzo hufuata jimbo unakopelekwa mzigo, ndiyo maana mawakala wengi wana maghala Oregon na Delaware, majimbo yasiyo na kodi hiyo. Hilo ni jambo la kutazama unapochagua anwani.

"Nikiwa na anwani ya wakala napata chochote"

Kuna wakala wa kusafirisha na kuna wakala wa kununua. Wa kwanza anakupa anwani, kulipa dukani ni juu yako. Wa pili ananunua kwa niaba yako na kukutoza kwa kazi hiyo. Maduka mengine hufuta oda yakiona kadi imetolewa nchi nyingine, au yakitambua kwamba anwani ni ya ghala linalopokea mamia ya watu, na hapo wakala wa kununua ndiye anayesaidia.

Kuna seti ambazo hata anwani ya nchi ileile haitoshi. Seti ya bata wa mbao (40501), iliyotoka 2020, iliuzwa ndani ya LEGO House, jumba la wageni la kampuni hiyo huko Billund, Denmark, dukani kwenye jengo lenyewe. Ilikuwa lazima mtu aingie mlangoni.

"Haitatoka tena, nunua kwa bei yoyote"

Maneno haya huwafaa walanguzi kuliko mtu yeyote. Baada ya zile seti tatu za 2019, seti za mwaka mpya wa Kichina za 2020, ngoma ya simba (80104) na gulio la hekaluni (80105), ziliuzwa dunia nzima. Aliyelipa mara tatu ya bei mwaka mmoja kabla kwa hofu kwamba mlango umefungwa moja kwa moja alikosea kuhusu mlango. Zile za 2019 zenyewe ni habari nyingine, nami simlaumu aliyeipenda ngoma ya joka akaifuata. Ninachoomba ni kwamba anunue seti, asinunue hofu.

"Imetoka nchi inakotengenezwa, basi ni halisi"

Feki nazo hutoka hukohuko. Septemba 2020 mahakama ya Shanghai ilimfunga miaka sita kiongozi wa genge lililotengeneza nakala za LEGO kwa jina la Lepin. Agosti 2025 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, ilionya kuhusu midoli feki ya Labubu, kwa kuwa ni midogo kiasi cha kumkaba mtoto mdogo. Picha ambayo wakala hukutumia mzigo unapofika ghalani inaonyesha katoni na lebo. Haithibitishi uhalisi wa chochote, na hakuna aliyemlipa athibitishe.

"Nikifungua nikakuta kasoro, nitairudisha"

Muda wa kurudisha hauanzi siku unapokata selotepu nyumbani. Katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kubadili nia, na zinahesabiwa tangu bidhaa ipokelewe naye au na mtu aliyemtaja apokee kwa niaba yake. Uliyemtaja ni ghala. Ukiacha seti pale wiki tatu ukisubiri nyingine ije ziunganishwe, siku hizo zimekwisha kabla hujaligusa boksi.