ECG na kifo cha ghafla cha moyo: maswali na majibu

ECG inaonyesha nini?

Inachora safari ya umeme wa moyo. Wimbi P ni vyumba vya juu, QRS ni vyumba vya chini, na T ni vyumba hivyo vya chini vikijiandaa kwa pigo linalofuata. Kipimo hakiumi.

Mchoro upi unamtia daktari wasiwasi?

Ipo michoro kadhaa, ila QT ndefu ndiyo ningependa kila mtu aifahamu. QT ni muda kutoka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T, ukisharekebishwa kulingana na kasi ya mapigo. Ukivuka milisekunde 500, hatari ya vyumba vya chini kuingia katika mdundo wa kuua huongezeka sana. Wengine huzaliwa nayo. Wengine huipata kwa kupungukiwa potasiamu, au kwa dawa kama erithromaisini, haloperidoli na methadoni, hasa zikichanganywa. Kwa hiyo, kabla ya kuandikiwa dawa mpya, taja zote unazotumia, hata za kununua dukani.

Mwingine ni ule walioueleza madaktari wa moyo, ndugu Pedro na Josep Brugada, mwaka 1992: katika V1 na V2, yaani sehemu za ECG zinazosomwa kutoka kifuani, mstari hupanda juu, kisha huteremka taratibu. Mwenye hali hii anaweza kufariki usingizini, na homa huchochea hatari hiyo. Homa yake ishushwe mapema.

ECG yangu ni ya kawaida. Basi niko salama?

Si lazima. ECG ya kawaida hunasa sekunde 10 tu, na QT ndefu inaweza isijitokeze siku ya kipimo. Maelezo yako yana uzito uleule: je, umewahi kuzirai ukikimbia, ukiogelea au uliposhtuliwa na kelele? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla angali kijana? Inasikitisha kwamba kuzirai kwa namna hii mara nyingi hudhaniwa kuwa kifafa. Anayedondoka na kutetemeka apimwe ECG pia, hata kama tayari anatumia dawa za kifafa.

Mtu akianguka mbele yangu?

Asipoitika na asipopumua kawaida, moyo huenda umesimama. Kutweta kwa kukatikakatika si kupumua. Ita msaada, agiza mashine ya kushtua moyo iletwe, kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mashine ikifika, iwashe na ufuate maelekezo yake.