Chachu si chungu, hata kwa tunda la muujiza

Nimesikia tena mtu akieleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba tunda la muujiza "hugeuza uchungu kuwa utamu". Nikanyamaza, lakini limenikaa kooni.

Kwa kifupi: ni tunda dogo jekundu la Afrika Magharibi, lina kokwa moja, na Wayoruba huliita agbayun. Lenyewe halina utamu wa kutaja. Nyama yake ina protini iitwayo mirakulini, ambayo hunata kwenye vipokezi vya utamu vya ulimi na kutulia hapo. Asidi ikiingia mdomoni, mirakulini huviamsha vipokezi hivyo, nawe unanyonya limau bila kukunja uso. Hudumu nusu saa, pengine saa na zaidi. Wanasayansi Kenzo Kurihara na Lloyd Beidler waliitenga protini hiyo mwaka 1968.

Sasa hilo neno "uchungu". Chachu ni ndugu wa kuchacha: maziwa yaliyolala yakaharibika yamechacha, na hata hamira tunaiita chachu. Ni ladha ya asidi. Chungu ni kwinini iliyoyeyukia ulimini kabla hujaiwahi kwa maji. Mirakulini inangoja asidi, basi. Tafuna matunda kumi kisha uonje kwinini, uchungu utaukuta palepale. Nadhani anayetuponza ni "kali": limau kali, pilipili kali, utadhani ni mamoja. (Ukali wa pilipili si ladha hata kidogo, ni vipokezi vya joto na maumivu vinavyopiga kelele.)

Halafu hiyo "hugeuza". Hata wataalamu wa mimea waliliita dulcificum, Kilatini cha "litialo utamu", lakini limau halitiwi kitu. Asidi ni ileile, na meno yanaijua. Kuna jani la India liitwalo gurmar, yaani "muua sukari" kwa Kihindi. Ukilitafuna kisha ukala sukari, unahisi kama umebwia mchanga. Sukari haijafa, iko mdomoni vilevile. Kilichobadilika ni taarifa ya ulimi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, wakati mwingine sema tunda hili hufanya uchachu uonjeke kama utamu. Na ukilijaribu, usimalize malimau matano kwa kuwa yamekuwa matamu. Tumboni yanafika yakiwa malimau.