Je, wajua? Paipu ya dizeli inaweza kuwa na tundu na isidondoshe hata tone

Kaskazini mwa Malindi, ukishavuka Mto Sabaki na kuifuata barabara ya Garsen, unafika Gongoni na baadaye Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua na upepo huyakausha, chumvi hubaki. Kingo za mabwawa hayo ni udongo, na udongo huo husukumwa na kushindiliwa na tingatinga. Huko ndiko niliposimama mchana mmoja mbele ya tingatinga lililogoma, nikatoa hukumu mbele za watu: pampu imekufa.

Nilikuwa na ushahidi, au nilidhani ninao. Opereta alikuwa amepima tangi kwa kijiti, dizeli ipo, kama robo. Tulizunguka mashine nzima, tukachuchumaa, tukachungulia chini ya injini. Kukavu. Hapakuwa na tone wala doa kwenye vumbi. Basi nikapiga hesabu: mafuta yapo, hayavuji popote, na hayafiki kwenye injini, kwa hiyo kinachoyapeleka ndicho kibovu. Pampu ikafunguliwa, ikapelekwa Mombasa, ikapimwa, ikarudi nzima kama ilivyokwenda. Kilichokuwa kibovu ni washa moja ya shaba, kipete cha kuzibia kiungo, ndogo kuliko sarafu ya shilingi, kwenye kiungo cha paipu itokayo tangini.

Hesabu yangu iliharibika kwenye neno "hayavuji". Nilichukulia kwamba tundu ni mahali pa kutokea tu. Sikuwaza kwamba tundu linaweza kuwa mahali pa kuingilia.

Njia ya dizeli ina pande mbili zenye tabia tofauti. Kutoka tangini hadi kwenye pampu ndogo ya kuvuta, mafuta hunyonywa. Kuanzia hapo kupita kwenye filta, hadi pampu kubwa na nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini, mafuta husukumwa. Upande wa kusukumwa ukitoboka, dizeli itaruka nje na kila mtu ataiona. Upande wa kunyonywa ukitoboka, kilicho nje ndicho kinachoingia, na kilicho nje ni hewa. Hewa haiachi doa kwenye vumbi.

Chukua dafu na mrija. Toboa mrija kwa ncha ya sindano, sehemu ya juu, karibu na mdomo wako, kisha nyonya. Shati lako halitalowa. Utakachopata ni mluzi mdogo, povu mdomoni, na dafu lisilopungua. Acha kunyonya kidogo, na maji yaliyokuwa yamepanda yatarudi chini yote, ikubidi uanze upya. Hiyo ndiyo injini inayosumbua kuwaka asubuhi baada ya kulala usiku kucha: mafuta yamerudi tangini, hewa imekaa mahali pake. Sasa geuza mchezo. Jaza mrija ule ule maji na upulize kutoka upande wa pili: tundu lile lile litakutemea mate kifuani. Tundu halikubadilika, kilichobadilika ni upande wenye nguvu. Mafundi wana neno la ugonjwa huu, nalo ni sahihi kuliko nilivyodhani nilipokuwa nikilisikia: wanasema injini "inavuta hewa".

Kwa haki niongeze kwamba ukavu si hakika ya kila mara. Kwenye matingatinga mengi tangi limewekwa nyuma ya kiti, juu kidogo. Likijaa hadi mdomoni, uzito wa dizeli unaweza kulitokeza jasho tundu hilo injini ikiwa imezimwa. Tangi likijaa pia, uzito huo unaisaidia pampu kuvuta, na mashine inaweza kwenda vizuri hadi mafuta yashuke. Kutokana na hapo huzaliwa imani nyingine niliyowahi kuibeba, kwamba kuna mashine "isiyopenda mafuta kidogo". Mara nyingi ina kiungo kilicholegea.

Lakini kwa nini hewa kidogo tu iliangushe dubwana la tani nyingi? Hapa tafuta bomba la sindano lisilo na sindano. Livute maji, ziba ncha kwa kidole gumba, kisha sukuma. Ni kama kusukuma ukuta. Mwaga maji, vuta hewa, ziba tena, sukuma. Linaingia mpaka karibu na mwisho, na ukiachia linarudi lenyewe, kama godoro.

Nozeli ya dizeli imefungwa kwa springi. Haifunguki kwa kuombwa, hufunguka kwa shinikizo. Tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Nozeli za injini nyingi za zamani hazifunguki mpaka zifikiwe na pauni elfu mbili na ushei, hata elfu tatu. Dizeli ikijaa paipu nzima, pampu ikisukuma huku, nozeli inasikia kule papo hapo. Si kwamba dizeli haisinyai kabisa. Husinyaa, ila kwa shinikizo hilo ni kama asilimia moja tu. Povu la hewa kwa shinikizo hilo hilo husinyaa mpaka libaki sehemu ndogo mno ya ukubwa wake wa kwanza. Pampu inabonyeza, povu linajikunja. Pampu inarudi nyuma, povu linajikunjua. Nozeli inakaa kimya. Ndiyo maana pampu nzima huonekana maiti: inafanya kazi yake yote, lakini inakanda hewa.

Kichekesho ni kwamba injini yenyewe ilizaliwa kwa msaada wa hewa. Ile ya Rudolf Diesel iliyofanikiwa mwaka 1897 ilipulizia mafuta ndani kwa hewa iliyoshindiliwa. Kampuni ya Bosch ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma mafuta peke yake mwaka 1927, hewa iligeuka kutoka msaidizi kuwa adui wa paipu. Caterpillar ilitoa trekta lake la kwanza la dizeli la minyororo mwaka 1931, na tangu hapo ugonjwa huu umekuwa ukisafiri na mashine popote ziendapo.

Namna ya kuutambua ni rahisi kuliko safari ya Mombasa. Kwanza angalia moshi wakati starta inazungusha. Bomba la moshi lisipotoa chochote, mafuta hayafiki. Likitoa moshi mweupe, yanafika ila hayashiki moto, na hiyo ni kesi nyingine. Kisha weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya tangi na pampu ya kuvuta, utazame. Mapovu yanayopita mfululizo yanakuonyesha tatizo liko nyuma ya mpira huo, upande wa tangi. Vipovu vichache vidogo visikutie wazimu, kwa sababu dizeli ya kawaida ina hewa iliyoyeyuka ndani yake, na ikinyonywa sana hutoa kidogo. Mafundi wengine hufunga tangi kando kabisa na kulisha injini kwa mtungi ulioinuliwa juu. Ikiwaka na kutulia, pampu imeshaachiwa huru.

Kabla ya yote hayo, fungua kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha kupumulia, na vumbi likikiziba, tangi linabaki linanyonywa bila kuingiziwa hewa. Injini huenda nusu saa, inazima, inapumzika, inawaka tena. Ukifungua kifuniko ukasikia tangi linavuta pumzi, umempata mchawi.

Maji nayo huleta kesi zinazofanana na hizi. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na wengi husema maji ya tangini ni ya umande. Yapo ya umande, ila ningeanza kwa kuangalia pipa. Pipa la dizeli lililosimamishwa nje hukusanya mvua juu ya mfuniko wake. Usiku likipoa, hunyonya maji hayo kupitia nyuzi za kizibo, hata kizibo kikiwa kimekazwa. Lilaze ubavu na viziba vikae usawa mmoja, dizeli izilinde nyuzi kwa ndani.

Onyo moja ni la kufa na kupona. Mvujo wa upande wa kusukumwa usitafutwe kwa kiganja. Uzi mwembamba wa dizeli yenye shinikizo hilo hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na mkono unaweza kupotea. Tumia kipande cha kartoni, na aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kwenye injini mpya za shinikizo kubwa zaidi, paipu za nozeli zisifunguliwe kabisa kwa ajili ya kutoa hewa.

Lile tingatinga la chumvi lilikuwa la zamani. Mzee fundi, ambaye siku ya kwanza alisema "inavuta hewa hiyo" na hakuna aliyemsikiliza, alibadilisha washa, akalegeza skrubu ya juu ya filta mzunguko mmoja na nusu ili hewa itoke, akaanza kubonyeza pampu ya mkono. Kwanza ilitoka sauti tu, kama mtu anayetema. Kisha povu jeupe kama la soda. Kisha dizeli yenye kukatakata, na mwishowe uzi mmoja usiokatika. Akakaza skrubu, akalegeza nati ya nozeli ya kwanza, akamwambia opereta azungushe starta. Hapo napo ilianza kutema, kisha ikanyooka. Kwenye nati ya tatu injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika.

"Pampu yenu nzuri," aliniambia, akipangusa spana. "Imetembea."