Duniani wawili wawili: bibi harusi wa Tarantino na yule wa Truffaut

Juma lililopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa uhariri wa filamu sehemu ya kwanza ya Kill Bill, filamu ya Mmarekani Quentin Tarantino, na kabla taa hazijawashwa kijana mmoja alikwisha kuinua mkono. "Mwalimu, huyu kaiba kwa Truffaut." Nimelisikia shtaka hilo mara nyingi mno, na kila mara huletwa kama siri iliyogunduliwa asubuhi hiyo hiyo.

Ushahidi wake haubadiliki. La Mariée était en noir, filamu ya mwongozaji Mfaransa François Truffaut ya mwaka 1968, ina bibi harusi anayelipiza kisasi, ina wanaume watano wa kuuawa, na ina daftari ambamo majina yanakatwa moja baada ya jingine. Kill Bill ya mwaka 2003 nayo ina bibi harusi, watu watano na orodha inayokatwa. Basi, kesi imekwisha. Lakini Julie wa Truffaut anampoteza mumewe kwenye ngazi za kanisa kwa risasi iliyofyatuka wakati wanaume waliolewa wakichezea bunduki dirishani, ilhali Bibi Harusi wa Tarantino anashambuliwa kwa makusudi na watu anaowafahamu, tena katika mazoezi ya harusi, si harusi yenyewe. Julie huua kwa hila: huyu kwa sumu, yule kwa kusukumwa kutoka ghorofani, na mauaji yake ya mwisho hatuyaoni kabisa, tunasikia ukelele tu. Wengine hukimbilia muziki, kwa kuwa Bernard Herrmann anasikika katika filamu zote mbili. Ni kweli, ila ule mluzi wa hospitalini katika Kill Bill umetoka katika Twisted Nerve, filamu nyingine kabisa ya mwaka huo huo wa 1968.

Kinachoniudhi ni dhana kwamba filamu iliyotangulia lazima iwe mama wa iliyofuata. Orodha ya maadui ni mali ya utanzu mzima. Atakayeandika hadithi ya kisasi chenye walengwa wengi ataifikia hata akiwa amefungiwa chumbani peke yake. Truffaut mwenyewe aliitoa hadithi yake katika riwaya ya Cornell Woolrich ya mwaka 1940. Ushahidi wa mwingilianomatini, yaani wa kazi moja kuchota kutoka nyingine, hautafutwi katika mambo ambayo msuko unayalazimisha, bali katika yale ambayo msuko ungeweza kuyakosa bila kupungukiwa na chochote. Wapenzi wa filamu za Kihindi wanalijua hili vizuri: Ghajini haikushukiwa kwa sababu shujaa wake analipiza kisasi, maana hilo hufanywa na nusu ya mashujaa wa Kihindi, bali kwa sababu amepoteza kumbukumbu, amejichora chale mwilini na anatembea na picha za papo hapo zenye maandishi, vyote kwa pamoja, kama katika filamu ya Memento iliyoitangulia.

Kwa kipimo hicho, ndugu wa damu wa Kill Bill yupo Japani. Ni Lady Snowblood ya Toshiya Fujita, ya mwaka 1973, ambayo Meiko Kaji anaigiza ndani yake kama Yuki, binti aliyezaliwa gerezani ili amlipizie mama yake kisasi. Zote mbili zimegawanywa katika sura zenye vichwa, na zote mbili husimamisha picha za waigizaji ili michoro ishike usimulizi. Kisha lipo lile pambano la bustanini katika Kill Bill, kati ya Bibi Harusi na O-Ren, mmoja wa wale watano: theluji inashuka, kipande cha mwanzi kinajaa maji, kinainama na kugonga jiwe, na O-Ren anapoanguka inaingia sauti ya Meiko Kaji akiuimba wimbo wa Lady Snowblood yenyewe. Hapo hakuna cha kubahatisha. Mwongozaji ameacha saini yake.

Watazamaji wengi hukomea hapo, nami ndipo ninapoanzia. Hebu tazameni aliyevaa kimono cheupe. Si Bibi Harusi, ni adui yake. O-Ren ndiye aliyeuliwa wazazi utotoni, ndiye aliyekua kwa ajili ya kisasi, na ndiye anayekufa juu ya theluji. Tarantino hakumchukua Yuki akamfanya shujaa wake. Alimpa adui maisha ya Yuki, kisha akamtuma shujaa akamuue. Neno "kaiba" haliwezi kubeba tendo la namna hiyo, na mhariri anayelitumia atakuwa ametazama mavazi bila kuangalia nani ameyavaa.

Nikiri pia yanayonisumbua. Mara nyingi nimetaja, kama ushahidi, ile shoti ya chini kwenda juu ambapo wauaji wanamwinamia aliyelala, ambayo ipo katika Lady Snowblood na Kill Bill. Siku hizi siiamini sana, kwa sababu Tarantino alikwisha kuipenda pembe hiyo tangu Reservoir Dogs ya mwaka 1992, pale kamera ilipowekwa ndani ya buti ya gari. Jambo la pili ni zito zaidi. Yuki anachomwa kisu na binti wa mtu ambaye yeye Yuki alimuua. Bibi Harusi naye anamuua Vernita, mwingine wa wale watano, mbele ya bintiye mdogo, na kumwambia mtoto huyo kwamba atamsubiri. Kwa miaka mingi nimefundisha kwamba hilo ni azimo, yaani limeazimwa kutoka Lady Snowblood. Lakini je, si kila kisasi kikisimuliwa kwa uaminifu kitamwacha yatima mlangoni? Kwa kipimo changu mwenyewe, azimo hilo halifuzu.

Na kuhusu Truffaut, Tarantino amesema hakuwahi kuiona filamu ile. Kauli ya mtuhumiwa si ushahidi, hasa mtuhumiwa aliyefanya kazi miaka kadhaa katika duka la kukodisha kanda za video, ambako hadithi za filamu husimuliwa kutwa kucha na watu ambao hawajaziona. Filamu inaweza kumfikia mtu kwa masikio. Kijana wangu angekuja na hoja hiyo, ningemsikiliza. Badala yake nimempa filamu zote tatu na daftari, ayaorodheshe mambo ambayo msuko haukuyahitaji, na akimaliza kila moja alikate.