Maumivu ya chini ya mgongo: mlinzi hajabeba kitu, kiuno kinamuuma vipi?

Pita mtaa wa Mwanjelwa jijini Mbeya alfajiri ya mwezi wa saba, utamkuta mlinzi wa duka akiinuka kwenye kreti la soda aliloligeuza kiti. Hanyooki mara moja. Anashika magoti, kisha kiuno, anasimama kajikunja kama anayetafuta sarafu chini, ndipo mgongo unakubali. Mwenyewe atasema ni baridi. Mwenzake atasema figo. Bosi atashangaa: mtu kakaa usiku kucha, hajanyanyua hata ndoo, kiuno kinamuuma kwa lipi?

Tunachokiita kiuno, kitabibu ni eneo la kati ya mbavu za mwisho na mikunjo ya chini ya makalio. Maumivu yanaweza kushuka mpaka mguuni. Yasiyofika wiki 6 ni ya muda mfupi. Yakipita wiki 12 ni sugu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa nayo mwaka 2020, na kwa wagonjwa kama 9 kati ya 10 hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kunyooshewa kidole.

Sasa bosi ajibiwe. Kinachomuumiza mlinzi huyu ni huko kukaa kwenyewe. Kreti halina egemeo, jiko la mkaa liko chini, kwa hiyo anainamia moto saa nzima, kisha nyingine, tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Misuli inayoshikilia pingili 5 za kiuno haipati nafuu. Diski zilizo katikati ya pingili nazo karibu hazina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji yanayopenya taratibu, na mtu akijongea ndipo yanapopenya vizuri. Ongeza usingizi wa mchana uliokatwakatwa na kelele za watoto: mwili usiolala huhisi maumivu zaidi.

Baridi ya Mbeya, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, inachangia kwa kukaza misuli. Haiingii kwenye mifupa. Na figo? Maumivu yake kwa kawaida hukaa juu zaidi, ubavuni, na hayatulii ukibadili mkao. Kinachonisikitisha ni kwamba anayeogopa figo humeza diklofenaki kila siku, dawa ya maumivu ambayo ikizoewa hivyo inaweza kuziharibu figo hizohizo.

Dawa yenyewe ni kuinuka kila baada ya nusu saa, kuzunguka geti, na kupewa kiti chenye egemeo. Kulala kitandani siku tatu kunazidisha ugumu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya dakika 60, ila aliye peke yake lindoni amwachie nani geti?

Maumivu yakiandamana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, aombe kipimo cha kifua kikuu, maana ugonjwa huo unaweza kufika hadi uti wa mgongo. Na akihisi ganzi sehemu za siri, mkojo ukagoma au mguu ukalegea, aende hospitali saa hiyohiyo, asisubiri wa kumpokea lindo.