Mwaka wa filamu sio mwaka wa bango

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu eti ukipata bango la zamani la filamu kutoka Australia, we gugo tu filamu ilitoka lini na huo ndo mwaka wa bango. Hapana jamani. Filamu iliyopendwa ilikuwa inarudishwa kumbi za sinema hata miaka 20 baadaye, na mabango yanachapwa mapya, hapo ndo watu wanachanganyikiwa maana jina na waigizaji ni walewale.

Angalia alama ya umri, ile inayoonyesha filamu inafaa watu wa umri gani. Herufi kama NRC (haipendekezwi kwa watoto), M (ya watazamaji waliokomaa) au R (watoto hawaruhusiwi) zilianza kutumika 1971, kwa hiyo bango la filamu ya 1955 lenye NRC halijachapwa 1955, na NRC yenyewe ilibadilishwa kuwa PG mwaka 1984. Kabla ya 1971 waliandika maneno marefu tu ya Kiingereza. Chukua na rula: yale mabango membamba marefu kabla ya vita kuu ya pili yalikuwa kama inchi 15 kwa 40, karatasi ikaadimika vitani yakashuka hadi 10 kwa 30, baadaye 13 kwa 30. Saizi peke yake haitoshi lakini.

Ukitumiwa tena hiyo meseji usiifowadi, kuna mtu atanunua chapa ya marudio kwa bei ya orijino.