Umebadilisha paswodi, lakini ile apu bado imo ndani

Juzi hapa Lamu nilikaa na dada mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Shela, kaniambia kabadilisha paswodi mara mbili na bado kuna kitu kinamwandikia mambo kwenye kalenda ya vyumba. Nikamuuliza, kuna apu yoyote ulishawahi kuikubalia iingie kwenye akaunti? Akafikiri weee, akakumbuka ipo moja ya kupangia wageni, aliijaribu wiki moja tu akaiacha.

Hapo ndipo wengi wanaokuja ofisini kwetu kitengo cha tehama wanapokwama. Paswodi ni komeo la mlango wa chini, ruhusa ya apu ni wikio, lile daraja la ghorofani linalounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, wewe umefunga chini vizuri na jirani anavuka juu kwa juu mpaka chumbani. Huu mtindo unaitwa OAuth 2.0, umeanza 2012, apu haipewi paswodi yako, inapewa tokeni, yaani kibali cha kidijitali cha kuingilia. Kwa Google tokeni ya kuingilia huisha kama baada ya saa 1 lakini iko nyingine ya kuombea mpya na hiyo ndiyo inayokaa, ukibadilisha paswodi zinazokatika ni zile zenye ruhusa ya Gmail, ya kalenda inaendelea kama kawaida.

Dada yule imeli yake ni ya jina la nyumba, iko kwenye Google Workspace, huduma ya Google ya imeli za biashara, na admini, yaani msimamizi wa akaunti, ni yeye mwenyewe, kwa hivyo tukaiuliza seva ya Google. Unatuma GET, yaani ombi la kusoma, kwenda https://admin.googleapis.com/admin/directory/v1/users/ halafu imeli ya mtu halafu /tokens. Inarudi orodha ya JSON, maandishi yaliyopangwa kwa majina na thamani zake: displayText ni jina la apu, clientId ni kitambulisho chake, scopes ndizo ruhusa, na hapo tafadhali soma polepole. Ikiishia calendar.readonly inasoma tu, ikiishia calendar basi inaandika na kufuta, na auth/drive ni mafaili yako yote, yote kabisa.

Kukata ni anwani ile ile, ongeza / na clientId mwisho utume DELETE, ombi la kufuta. Ila ruhusa ya kusoma orodha hii, admin.directory.user.security, ndiyo hiyo hiyo ya kukatia, usimwachie kila fundi. Mwenye Gmail ya kawaida aende myaccount.google.com/connections, yatosha.

Tulikuta apu nne, mbili hazikumbuki kabisa, na moja ina auth/drive, na humo ndimo anamoweka picha za pasipoti za wageni, ambazo kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni jukumu lake kuzilinda. Hiyo tuliikata kwanza.